Hofu ya Mwikali mdogo

Jumapili jioni, Kathiani

Kosa la wengi wetu ni kuwaficha watoto ugonjwa. Mtoto asiyeelezwa hujitungia maelezo yake, na huwa mabaya zaidi.

Leo mjukuu wetu Mwikali alimuuliza mke wangu, susu yake, yaani nyanya, ambaye daktari ametuambia saratani yake haitapona: "Susu, ukifa, na mimi nitakufa? Tuko na jina moja."

Kumbe alikuwa amebeba hofu hiyo wiki nzima.

Mke wangu alicheka mpaka akakohoa. "Jina nilikupa. Ugonjwa ni wangu, sigawi. Wewe utabaki ukila muthokoi, hata sehemu yangu."

"Na kuku?"

"Na kuku."

Mtoto akala sahani mbili. Raha iliyoje kumwona hivyo.

Nami naogopa kubaki bila mke wangu, na sijamwambia. Funga daftari, mzee, ukamwambie kabla hajalala.