Alichagua Maji

Alhamisi, 9 Aprili

Baba Mwajuma,

Mvua imenyesha, imekata, imerudi. Mimi leo sikai. Nimefagia uwanja mara mbili, na mara ya pili lilikuwa tope tupu. Chai nimeinjika nikaisahau mpaka sufuria ikaungua. Mwajuma alinifungulia ukurasa huu wa mtandaoni baada ya msiba wako, akaniambia niandike yanayonisumbua. Haya, naandika.

Nimemwona kakakuona.

Asubuhi nilikwenda kung'oa mihogo. Alikuwa pembeni ya kile kichaka chetu, anafukua mchwa kwenye kichuguu, magamba yamelowa. Aliposikia miguu yangu akajikunja, akawa duara.

Unajua nilichofanya. Nilirudi nyumbani nikachukua ungo. Nikaweka bakuli la maji, unga kwenye kisahani, na kisu, kama ulivyofanya wewe mwaka ule Mwajuma ana meno mawili tu. Akienda kwenye maji, mvua nzuri. Kwenye unga, shibe. Kwenye kisu, ugomvi. Tangu uondoke sijui kama nibaki hapa Gwata au nihamie Mlandizi kwa mwanao, anayenisihi kila Jumapili. Nilitaka mtu aniamulie, hata kama ni mnyama.

Njiani nikakutana na mdogo wako Kondo, panga begani. Nikuungamie na hili: wiki iliyopita nilimkubalia akifyeke kile kichaka achome mkaa. Nilichoka kuombwa.

"Shemeji, na ungo asubuhi yote hii? Unatambika au unahama?"

"Nakwenda kuanika unga."

"Kwa mawingu haya? Na kisu ndiyo kinafukuza kuku?"

"Cha mihogo hicho, shemeji."

"Haya. Jumamosi nakuja na wenzangu kufyeka. Chai peke yake hatunywi, tuchemshie na hiyo mihogo."

Akaenda zake anacheka. Sikumwambia.

Nilimkuta kakakuona bado amejikunja. Nikaweka ungo chini, na hapo ndipo nikamkumbuka yule wa kwanza.

Ulimwita jirani, jirani akaita kitongoji kizima. Yule mnyama akaenda kwenye maji, watu wakapiga vigelegele. Kisha akakaa kwetu siku tatu ndani ya pipa, kila anayekuja anataka ajikunjue amwone uso. Hakula kitu. Siku ya nne ulimzika mwenyewe, hukutaka nikusaidie. Masika yalikuja mazuri kweli. Lakini miaka yote iliyofuata, mvua ikianza tu kupiga bati, ulikuwa unasema taratibu, "Alichagua maji, lakini hakuyanywa."

Na kile kichaka hukukigusa tena. Majirani walifyeka mpaka mpakani, wewe ukakiacha. Mimi nilidhani ni uvivu, na nilikusema kwa hilo mbele ya watu. Nisamehe.

Nikamwaga maji kwenye shina la mkorosho. Unga nimewapa kuku.

Nilikaa mbali, nikasubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Akajikunjua, pua kwanza. Akaingia kichakani bila haraka, mikono ameikunjia kifuani kama bibi anayetafuta kitu alichoangusha.

Mchana nilikwenda kwa Kondo nikamwambia kichaka hakifyekwi.

"Sababu?"

"Sababu sina. Sitaki tu."

"Shemeji, kaka alikuwa mbishi, lakini ukimuuliza alikuwa anajibu."

Mkewe akacheka kule jikoni. Nami nikacheka, huku machozi yananitoka. Ningemwambia nini? Nikisema nimemwona nani, kufika jioni watu wamejaa na nyungo zao, na miongoni mwao hakosi anayetaka magamba ya kuuza. Sababu ninayo, ila nikiitaja tu nimemuua.

Kondo akaniambia nikalale, huzuni inanichanganya, na Jumamosi atakuja vilevile.

Jumamosi ni keshokutwa.

Tangu hapo situlii. Naingia ndani, natoka, nachungulia upande wa shamba kama ninayesubiri mgeni. Jibu zuri kuliko lile la leo sina. Nimepanga kwenda mapema na jembe langu, nipalilie pale mbele ya kichuguu, hata kama hakuna cha kupalilia. Wakija watanikuta. Kondo hawezi kumrushia panga mke wa kaka yake, na mimi sitasogea. Mwajuma nimemwambia Jumapili hii asinisubiri Mlandizi, nina kazi shambani. Ameshangaa.

Mnaosoma hapa, najua mko mbali na hakuna wa Gwata; hata hivyo msiniulize ni kichaka kipi.

Na wewe, huko uliko, unikumbuke. Si kwa yale maneno niliyokusema mbele ya watu. Unikumbuke nilivyorudi nyumbani leo, na ungo mtupu mkononi.