Miche ya Shemeji Tombe

Jumapili, Mei 2008, Juba. Mvua ilinyesha alfajiri. Sasa jua limetoka na mji mzima unanuka matope.

Wageni wa hoteli wanakula chakula cha mchana, na msichana wa mapokezi ameniachia kompyuta yake. Kucha zangu zina udongo. Mpishi mwenye udongo kwenye kucha ni aibu, lakini nimesugua na umekataa kutoka.

Wacha nieleze umetoka wapi.

Bustani yetu kule mtaa wa Mangateen si kubwa. Kuna sukuma wiki niliyoianza kwa mbegu za nyumbani Kakamega. Kuna bamia, nyanya, na khudra, mboga ya huku inayoteleza kama mrenda wetu. Mchaichai uko karibu na mlango. Rihani aliipanda Baba Poni, mume wangu, akisema mbu hawapendi harufu yake. Mbu waliipenda sana. Kuku nao aliwapa majina ya wageni wa hoteli niliokuwa nikimsimulia, na jogoo akaitwa Mhasibu kwa sababu anatembea akiangalia chini. Mhasibu bado yupo. Baba Poni naye yupo, mwisho wa kiwanja, chini ya mipapai yake, kwa maana hapa, kama kwetu, mtu huzikwa nyumbani.

Huu ni msimu wa pili wa mvua bila yeye.

Mdogo wake, Shemeji Tombe, anaendesha lori barabara ya Nimule, mpakani na Uganda. Tangu msiba amekuwa mwema kwetu. Nimeliandika neno hilo na linanikwaruza. Mara analeta mkaa, mara pumba za kuku, mara anasimama tu akiutazama ua. Siku moja nilimwona akitembea kando ya ua kwa hatua ndefu, midomo ikicheza, kama mtu anayepima. Nilipomkaribia aliinama kung'oa magugu.

Hapakuwa na magugu pale. Nilikuwa nimeyamaliza asubuhi.

Halafu Alhamisi nikatoka kazini nikakuta miche mitatu imepandwa kwenye mstari kando ya ua, miwili ya ndimu na mmoja wa mwembe. Binti yangu Poni akaniambia baba mdogo ameitoa kijiji cha Nesitu ndani ya makopo ya maziwa, akachimba mwenyewe, akaimwagilia, akaenda zake. Mimi hakuniuliza.

Jirani yangu Mama Kiden, aliyerudi kutoka Uganda, aliegemea ua akanicheka.

"Mama Poni, wewe iko nalia nini? Shemeji naleta miti. Bwana yangu mimi naleta njaa tu!"

Nilicheka naye. Lakini usingizi ulikuwa mgumu.

Kwetu mboga ni mboga tu, hata mpangaji hupanda. Mti ni jambo jingine. Aliyepanda mti ameweka mkono wake juu ya ardhi, na siku wazee wakija kuamua mpaka, watauliza mti huu ni wa nani. Ndiyo maana kwetu mwanamke hapandi mti. Tuliambiwa tangu wadogo kwamba akipanda, mumewe atakufa. Mama yangu hakuwahi kupanda hata mpera. Nami nilipoolewa huku nilijiwekea dania na pilipili, mipapai nikamwachia Baba Poni.

Sikupanda mti hata mmoja. Na bado alikufa.

Wazo hilo lilinijia juzi nikikata vitunguu jikoni hapa hotelini, na kwa mara ya kwanza machozi yangu hayakuhitaji maelezo.

Juba sasa inapimwa upya. Kila mahali unasikia ploti fulani ina wenyewe wengine, mjane fulani amehamishwa na watu wa ukoo waliokuwa wakimletea sukari. Mimi ni Mkenya. Nikifukuzwa, kuna basi la kunirudisha kwetu. Poni atarudi wapi? Kwao ni pale, na baba yake amelala pale.

Basi jana nilichukua jembe. Nikamwita Mama Kiden aje aone kwa macho yake. Nikaichimbua miche, mmoja mmoja, na udongo wake kwenye mizizi, nikairudisha katika mashimo yaleyale kwa mikono yangu. Poni alitaka kushika mwembe. Nilimkataza, nikampa kopo la maji. Kama kuna ubaya katika mkono wa mwanamke, uje kwangu. Kwangu umechelewa.

Nilikuwa kwenye mche wa mwisho Shemeji Tombe alipoingia, kuku jike mwekundu kwapani.

Alitazama udongo mbichi. Alinitazama magoti.

"Kuku wamechakura?"

Ningeweza kusema ndiyo. Uongo ulikuwa tayari, Mhasibu amesimama palepale na makucha yake.

"Hapana, shemeji. Nimeing'oa mimi, na nimeipanda mimi. Poni amemwagilia."

"Na mimi naona yote!" akasema Mama Kiden, kabla hajaulizwa.

Shemeji alimhamishia kuku kwapa la pili. Kisha akacheka kidogo. "Nyinyi wanawake wa Kenya, mti mmoja mnapanda mara mbili?"

Mdomo ulicheka. Macho yake yalikuwa kwenye ua.

Akachuchumaa karibu nami, akauchokoa udongo wa mwembe kwa kidole gumba. "Umekandamiza sana, Mama Poni. Mizizi itakosa pumzi." Kidole chake kimepinda nyuma kama cha kaka yake. Sikuwa nimewahi kukiona. Kwa kitambo nilitamani kumwomba msamaha.

Lakini alipoondoa mkono, niliweka wangu palepale, nikausawazisha udongo upya. Aliona. Niliona kwamba ameona.

Alinyanyuka, akampa Poni yule kuku, akamshika mtoto kichwa. Nikamwambia chai iko motoni.

"Siku nyingine."

Shemeji Tombe hajawahi kukataa chai yangu. Hata siku ya mazishi alikunywa, akaomba sukari zaidi.

Tangu jana ninazigeuza siku hizo mbili, ya miche na ya chai. Labda aliona aibu kwa kuwa nilimkamata. Labda niliumiza moyo wa mtu aliyemletea mtoto wa kaka yake kivuli. Alipokuwa akitembea kando ya ua, labda alikuwa akitafuta tu mahali penye jua la kutosha. Sijui, na sitamuuliza, kwa sababu majibu yote mawili yatatoka kwa sauti ileile.

Ninachojua ni kwamba mzee akiuliza mti ni wa nani, kuna jirani mwenye mdomo mkubwa atakayejibu.

Leo asubuhi majani ya ndimu yalikuwa yamelegea kidogo. Mwembe umesimama.

Yule kuku mwekundu nimemfunga kamba mguuni kwenye mpapai, kama tunavyomfanyia kila kuku mgeni mpaka aizoee nyumba. Wenzake wanamzunguka kwa mbali. Mhasibu hataki hata kumtazama. Nimemwekea pumba zake pembeni, zile alizoleta shemeji mwenyewe.

Kamba sitaifungua kesho. Lakini kesho nitaweka chai motoni tena, niache na lango wazi, nione.