Mwana wa Mfalme Analala Kitandani Kwangu

Xiaobei, Guangzhou
Jumatatu, baada ya alasiri

Kwako Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Natumai barua hii inakukuta wewe na nyumba nzima ya Mkomani mkiwa wazima, goti lako limepoa, na paka wa jirani ameacha kuzalia kwenye kabati la vyombo. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haijatulia, na ukiendelea kusoma utajua kwa nini.

Utajiuliza karatasi ya nini wakati simu ipo. Mama, simu yako ni ya nyumba nzima. Ujumbe wa sauti ukiingia, Mjomba Athmani ndiye huubonyeza, tena kwa sauti ya juu kabisa, na nyumba ya tatu husikia kabla yako. Haya ninayokuandikia ni ya macho yako peke yako. Kwa hiyo huyo mgeni aliyekuletea barua mpe kahawa na kitu cha kutafuna, akae barazani na Mjomba, nawe uingie chumbani ufunge mlango. Usimwulize lolote mpaka umalize kusoma.

Umekaa? Haya, nalitema. Mdogo wako Raya ameolewa. Yaani, kwa siku sita alijua kuwa ameolewa, na sisi sote tukajua hivyo, halafu ikabainika kwamba hakuolewa. Na aliyemwozesha ni mimi.

Usipige kelele, Mjomba atasikia.

Wewe unajua kuliko mimi jinsi Mjomba alivyomlinda mama mdogo na wachumba. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nawahesabu wakiingia na kutoka. Daktari alikataliwa kwa kuwa kwao ni bara. Yule mwalimu wa madrasa alikataliwa kwa kuwa babu yake aliwahi kuuza samaki, na yule wa Mombasa mwenye heshima zake akaambiwa ukoo wao "umekuja juzi," na hiyo juzi ilikuwa kabla hata ya babu yake Mjomba kuzaliwa. Wote walikuwa kumi na mmoja, na wote jibu lao lilikuwa moja: si kufu yetu, hawalingani nasi. Nakumbuka wa mwisho alipotoka, Mjomba alitia kahawa na kusema, "Raya hataozwa na mimi labda aje mwana wa mfalme." Wewe ulikuwepo, Mama. Ulicheka.

Basi amekuja.

Anaitwa Amadu, na ni mwana wa mfalme wa huko kaskazini ya Kameruni. Hapa anauza zipu, vifungo na shanga za kupamba mabuibui. Mama mdogo hununua vitambaa vya duka lake la hapa Zhongda, kule kwenye soko ambalo ukiingia asubuhi unatoka adhuhuri na bado hujaona nusu, kisha huja kwa Amadu kutafuta shanga. Siku ya kwanza alipoambiwa kwamba huyu muuza vifungo ni mwana wa mfalme, alimtazama juu mpaka chini akasema, "Na mimi ni mke wa sultani wa Uchina." Si kosa lake. Hapa Xiaobei kila mwanamume wa tatu ni mwana wa mfalme, na wawili waliobaki ni madaktari.

Amadu alimpimia shanga zake, akamwongeza kiganja kimoja juu.

Tulijua ukweli siku tuliyokuwa tunakula kwenye mkahawa wa tambi wa Waislamu wa Kichina. Waliingia wanaume saba wa kwao Amadu, watu wazima wenye vitambi na simu mbili mbili, mmoja wao ni wakala mkubwa wa mizigo anayemfokea kila mtu hapa mtaani. Walipomwona Amadu na bakuli lake, wote saba walivua viatu, wakachuchumaa sakafuni, wakainamisha vichwa na kupiga makofi polepole. Mwenye mkahawa alidhani wamepoteza kitu, akawaletea fagio. Amadu akaweka vijiti vyake chini, akawajibu neno moja tu, nao wakainuka wamefurahi. Mama mdogo hakumaliza tambi zake siku ile.

Ilipita miezi tisa. Sitakueleza mambo ya miezi tisa, mimi ni mtoto kwao. Ninachojua ni kwamba mama mdogo alianza kuimba akihesabu majora, na kwamba Amadu alianza kujifunza Kiswahili. Bahati mbaya walimu wake walikuwa Wakongo wa ghorofa ya pili, kwa hiyo akikwambia jambo, Mama, msikilize taratibu.

Alipoomba kuja Lamu kuposa, mama mdogo ndiye aliyekataa. "Athmani atauliza Kameruni iko wapi," alisema, "kisha atasema si kufu, na mimi nitanyamaza kama nilivyonyamaza mara kumi na moja. Sina tena nguvu ya kunyamaza." Halafu akanigeukia. "Fahmi, ndoo hapa. Utasema wewe ni mtoto wa Athmani, na baba yako amekutuma uniozeshe."

Mama, najua unachotaka kuniambia. Lakini huyu ndiye aliyenibeba mgongoni wewe ulipokuwa umelazwa, ndiye aliyenifundisha alif na be, na nilipofika Uchina na shahada yangu na woga wangu ndiye aliyenipokea uwanjani na sambusa. Kumkatalia sikuweza. Najua dini yangu, najua kwamba walii wa mwanamke ni baba yake, akikosekana ni kaka yake, na kwamba mtoto wa dada hana nafasi popote kwenye safu hiyo. Nilijua, na nikasimama.

Ndoa tuliifungia chumba cha juu cha mkahawa ule ule. Aliyeozesha ni Maalim Shee wa Mombasa, ambaye kazi yake ni kusafirisha makontena lakini hutuba ya ndoa anaijua vizuri. Akauliza, "Walii ni nani?" Kila mtu akanitazama. Nikasema mimi ni mtoto wa kaka yake, na baba yangu amenipa idhini. Sauti ilinitoka nyembamba. Maalim akanipa mkono wa Amadu niushike, nikasema maneno, Amadu akakubali, mahari yakatajwa, tukala pilau iliyopikwa na Mchina ambaye hajawahi kuionja. Mama mdogo alivaa ile kanga ya bibi, ya kisutu, chini ya buibui. Sijamwona akipendeza vile maisha yangu yote.

Siku ya sita Bwana Swaleh, yule mwenye duka la mabuibui karibu na ngome, alikuja kwa Maalim kupeleka mzigo. Maalim, akitaka kumfurahisha mtu wa Lamu, akamwambia, "Juzi nimemwozesha dada yake Mwenye Athmani. Kijana wake ndiye alosimama walii."

"Kijana yupi?" Swaleh akauliza. "Athmani ana mabinti sita."

Mama, walikuja wote wawili kwa miguu, ghorofa nne, lifti hawakuingoja. Mimi nilikuwa dukani kwa mama mdogo nakunja vitambaa. Maalim alisimama mlangoni akihema. "Weye! Wataka kunitia motoni? Mtoto wa dada! Huna uwalii hata ndevu zikufike magotini!" Kisha akamgeukia mama mdogo, na hapo sauti ikashuka. "Bi Raya, niwie radhi. Weye si mke wa mtu. Ndoa ile si ndoa. Mbele ya Mungu haikufunga, na serikali ya hapa ndiyo kabisa haina habari nayo. Kaeni mbali mpaka kaka yako akuozeshe."

Nilidhani mama mdogo atabisha. Lakini unamjua, uungwana wake uko palepale hata nyumba ikiungua. Alifunga duka, akaenda kwake, na baada ya nusu saa masanduku mawili ya mwana wa mfalme yalikuwa kwenye ujia, yamefungwa vizuri, na juu yake kilemba kimepigwa pasi na kukunjwa.

Na masanduku hayo, Mama, yako chumbani kwangu.

Chumba changu unakijua kwa picha. Kina kitanda kimoja cha futi tatu, na mimi sasa nalala kwenye mkeka kati ya meza na jiko. Mwana wa mfalme huamka alfajiri, nisifiche, huswali vizuri sana, kisha huketi kitandani akingoja. Siku ya kwanza sikujua anangoja nini. Alikuwa anangoja chai. Nilipomwambia jiko liko pale, alinitazama kwa huruma.

"Fahmi," akasema, "kwetu, batu makumi ine banangojea baba yangu anywe chai. Hapa weye uko peke yako na unachoka?"

Kilemba humchukua saa nzima, na kioo ni kimoja. Kanzu zake zikinyooshwa pasi hapana pa kukanyaga. Juzi nimekwenda kumwonyesha profesa wangu michoro yangu ya mabomba ya maji, nikakuta pembeni pameandikwa bei za zipu. Nimemwuliza, akasema karatasi ilikuwa wazi upande mmoja.

Lakini sitamsingizia. Kila siku baada ya adhuhuri hununua machungwa, huenda mpaka duka la mama mdogo, na haingii. Ana kiti chake cha plastiki chekundu, hukiweka nje ya mlango, huketi hapo na kanzu yake yote mpaka duka lifungwe. Machungwa nayapeleka ndani mimi. Mama mdogo anayala. Msaidizi wake wa Kichina, anayemwita laoban, yaani bosi, na aliyejifunza Kiswahili kwa wateja, alishindwa kuvumilia.

"Laoban, bwana amekosa nini? Mbona anakaa nje?"

"Mei you," mama mdogo akamjibu, neno lile lile ambalo wauzaji wa Zhongda hukwambia wanapokuwa hawana rangi unayoitaka. "Mei you bwana. Bwana hakuna."

Kisha akaingia nyuma ya majora, nikamfuata, nikamkuta analia. Sijawahi kumwona akilia, Mama, hata siku ya maziko ya babu. Nikamwambia tutafute sheikhe mwingine, mbali, asiyetujua. Akafuta uso kwa pembe ya kitambaa cha mteja. "Siibi mara mbili," akasema. "Athmani ataniozesha kwa mkono wake, au nitarudi Lamu nizeeke kwenye nyumba ya baba yangu. Na mwambie sikuikimbia heshima yake. Nilichoka kuingoja." Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, na niliyemkasirikia ni Mjomba, na nyote mliokuwa mnacheka barazani, na mimi pia.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Swaleh anarudi Lamu mwisho wa wiki ijayo, na mdomo wa Swaleh hauna kizibo. Habari hii ikimfikia Mjomba kwa mdomo ule, amekwisha kataa kabla hajasikia jina la mtu. Lazima aisikie kwanza nyumbani, kwa njia ya heshima. Nilipomweleza Amadu, aliacha kilemba katikati. "Kuiba, hapana. Miye nitaenda kwa uyo kaka. Mutoto ya mfalme anaweza kuomba, lakini mu nyumba ya batu, si mu mukahawa."

Nisalimie Bibi, na umwambie dawa ya macho nimeipata. Msalimie shangazi wa Langoni na yule fundi anayetengeneza mlango wetu tangu nilipoondoka. Wasalimie mabinti sita wa Mjomba, ambao laiti mmoja wao angekuwa mwanamume nisingekuwa na shida hii. Mjomba mwenyewe usimpe salamu zangu kwa leo.

Na huyo mgeni uliyemkaribisha, Mama, huyo mrefu mwenye kilemba, ambaye kwa sasa amekwisha kunywa kahawa yenu wala haoni aibu ya kuletewa, ndiye yeye.

Usitoke mbio! Tega sikio kwanza. Mjomba atamwuliza swali analomwuliza kila mgeni: "Wewe ni wa nani?" Na Amadu atamjibu. Ana mababu kumi na tisa, kila mmoja na vita vyake na farasi wake, na hakuna hata mmoja aliyeuza samaki, nimeuliza. Mjomba hajawahi kukutana na mtu anayempita kwa nasaba. Ukisikia ameuliza jina la farasi, peleka kahawa ya pili. Ukisikia wamenyamaza, ingia, umkumbushe kaka yako kauli yake kuhusu mwana wa mfalme. Ulicheka siku ile, Mama. Leo umsemee mdogo wako.

Nimekosa adabu, nikemewe, nimestahili. Kitanda changu nakitamani, lakini si hicho ninachokiombea. Akikubali, nipigie. Akikataa, mpeni chakula cha mchana kwanza, ametoka mbali, kisha unipigie vilevile. Saa unayosoma hapa, mama mdogo ameketi dukani na simu mapajani. Kile kiti chekundu bado kiko nje ya mlango, amekataza mtu asikiondoe.

Mwanao, walii wa uongo,
Fahmi