Filimbi ya Shaba ya Baba

Nanyala, Jumapili

Dada Roda,

Umeuliza umnunulie mwanao Brayan filimbi ya namna gani huko Kitwe. Ya bati sauti yake ni kali, na mate yanaitia kutu. Ya aluminiamu ni nyepesi, ila ukizidisha pumzi inapiga kelele. Ya shaba ni nzito. Asubuhi za baridi unaipasha kwanza kwapani, ndipo sauti za chini zinatoka taratibu, kama Baba akiongea.

Utajiuliza nimeyajuaje. Ile ya Baba ilikuwa fungu lako la urithi, nawe ukakubali azikwe nayo. Ninayo mimi, dada. Kabla jeneza halijafungwa nilimwekea yangu ya bati. Hii ya shaba huwa naipuliza peke yangu kwenye mibuni.

Usimnunulie Brayan nyingine. Jumamosi nitakuletea Tunduma, mpakani. Baba nimemwachia kutu.

Mdogo wako,
Lwitiko