Zahanati Inayomwita Mama

4 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, ingawa jirani ameniambia miguu imevimba tena. Mimi sijambo, huku kiwandani cherehani zinatupigia kelele kutwa.

Nimekupatia daktari wa karibu! Yuko nyuma ya soko, hata kobe anafika. Kadi ya bima ya serikali anaipokea, nimempigia mwenyewe. Wengine wote walitaka fedha taslimu. Huna tena sababu ya kupanda mabasi mawili kwenda zahanati ya zamani na huo ugonjwa wako wa moyo. Utaenda lini?

Kitindamimba wako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ni miguu tu imejiona mikubwa kuliko mwenyewe. Asante kwa kuhangaika. Daktari wako nitamwona, haraka ya nini?

Kule zahanati wamenizoea. Kadi ni ya mama yako, mimi mtegemezi tu, kwa hiyo faili lina jina lake. Tangu tumzike mpaka leo, muuguzi hutoka mlangoni akaliita kwa sauti. Mwanamume mzima na ndevu zangu nainuka, watu wanacheka. Nami nacheka.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi sicheki. Nenda kwa daktari wa nyuma ya soko. Amekubali kukufungulia faili lako mwenyewe. Unazidi kuchoka, jirani ananiambia, nami naogopa.

Binti yako

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Usinikasirikie. Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Wakiliita lile jina, siinuki mara ya kwanza. Namwachia nafasi aitike mwenyewe.

Juzi ameitika.

Muuguzi aliita, na kutoka benchi la nyuma nikasikia "Abee," taratibu, vile alivyoniitikia akiwa jikoni. Maisha yangu yote nimekuwa fundi redio, sauti naijua. Sikugeuka, niliogopa nisimwone. Nikaona zamu ni yake, nikarudi nyumbani bila dawa. Nina furaha, mwanangu.

Baba yako

3 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, mashine nimeiacha inanguruma. Uliyoyasikia sitakubishia. Mimi pia namkumbuka. Lakini mama hahitaji dawa, wewe unazihitaji.

Daktari wa nyuma ya soko anakungoja Jumatatu ya wiki ijayo. Wataita jina lako, si la mama. Nakuomba uitike.

Binti yako

15 Mei

Baba,

Shikamoo. Najua hutaisoma hii, ila sina mwingine wa kumwandikia. Kesho nasafiri kuja kukuzika.

Daktari amenipigia. Ulifika mapema, amesema, umevaa koti, ukakaa benchi la nyuma. Muuguzi akakuita, ukanyamaza. Akakuita tena. Alipokusogelea, ulikuwa umeegemea ukuta, umejibanza pembeni ukaacha nafasi ya mtu wa pili. Chumba kilijaa, wagonjwa wengine wamesimama, lakini hakuna aliyekaa hapo.

Binti yako