Uso wa Maman Mdogo

Gihundwe, Rusizi, tarehe 14 Oktoba

Maman mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Yesu, na kupitia kwako namsalimu kaka Christophe-Aimé, mke wake na batoto wote. Magoti yako yanaendeleaje na zile ngazi za huko Kigali? Mimi mwili ni mzima, nashukuru. Mvua zimeanza, na chumba changu hakivuji tena tangu mwenye nyumba abadilishe mabati mawili. Nakuandikia kwenye karatasi, nitaipeleka kwenye gari la kesho asubuhi, kwa sababu kwenye simu ungesikia sauti yangu ukanihurumia kabla sijamaliza. Sitaki huruma, Maman. Nataka usome mpaka mwisho.

Uliniuliza masomo ya picha yamefika wapi. Yameisha. Mwalimu wetu, Bwana Munyemana, alitufundisha kupiga picha moja inayoonekana kama imekatwa kwenye filamu. Hapo hakuna kinachotokea chenyewe. Unachagua chumba na nguo, unaamua mwanga uangukie shavu lipi, unamwambia mtu akae wapi na atazame nini. Mwalimu alisema anayeitazama lazima aguswe kabla hajauliza huyu ni nani. Kwa kazi ya mwisho kila mmoja alipewa neno lake la kuonyesha. Mwenzangu Vanessa alipata "furaha". Mimi nilipata "kusubiri".

Papo hapo nilimfikiria Maman mdogo Mukeshimana. Nani anasubiri kuliko mdogo wako? Miaka minne sasa tangu mwanawe Osée avuke mpaka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, na hata sauti yake hatujaisikia. Nilienda Nkanka kumwomba, akafurahi. Alisema hajapigwa picha peke yake tangu ile ya kitambulisho. Alivaa kitenge chake cha Noeli, akajipaka poda. Nilitundika shuka jeupe dirishani ili mwanga ulainike, nikasogeza kabati, nikaweka shati la Osée, limepigwa pasi, kwenye kiti cha pembeni. Chumba kikawa sinema kabisa. Yeye hakuwa. Alikaa wima, mikono magotini, kidevu juu, kama yuko mbele ya afisa. Nikimwambia ahuzunike, anakunja uso. Nikimwambia atazame mbali, anacheka. Nilimkatia kitunguu, macho yakawa mekundu tu, akasema basi tukipike.

Hata hivyo nilirudi na picha.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumamosi, tulizitundika katika ukumbi mmoja hapa Kamembe. Yangu waliiweka katikati ya ukuta, kubwa kuliko zote. Watu walijaa mbele yake na soda zao. Mwanaume mmoja alisema, huku anatafuna sambusa na mafuta yanamtiririka kidevuni, kwamba uchungu ule ni mtamu sana. Msichana mmoja alijipiga picha akiwa ameegemeza kichwa karibu na kichwa cha Maman mdogo, mdomo ameubinua. Bwana Munyemana alinishika bega, akasema miaka kumi anafundisha na hajaona mwanafunzi aliyepata uso kama ule. Akaniuliza nilifanyaje. Nikamjibu ni mwanga wa shuka. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima kabisa, kama mtu aliyeambiwa siri ya kazi. Mate yakanijaa mdomoni, nikatoka mbio, nikatapika nyuma ya ukumbi. Vanessa alidhani ni zile sambusa.

Wote mle ndani niliwaonea kinyaa, Maman. Lakini wao hawakujua wanatazama nini. Mimi nilijua, na sasa nakwambia.

Pale Nkanka, baada ya kitunguu, nilitoka uani nikajifanya naongea na simu. Nikarudi mbio, nikasema, "Maman mdogo, ni Osée! Yuko Bukavu, anataka kukusemesha!" Uso wake sijui nikuandikieje. Ulifunguka. Akawa kama msichana. Nikabonyeza kamera. Akanyoosha mikono miwili, nikampa simu, na simu ilikuwa kimya.

"Alo? Osée? Mwana wangu, ni miye. Sema basi."

Alirudia. Akaifuta simu kwa kitenge, akaihamishia sikio la pili, akaita tena, machozi yakimshuka. Na mimi, badala ya kumwambia, nilisogea hatua moja upande wa mwanga, nikabonyeza mara kumi na moja. Kisha nikamwambia ilikuwa ya picha tu.

Hakunipiga. Aliweka simu mezani polepole, akauliza kama nimemaliza. Nikasema ndiyo. Akaenda jikoni, akanipashia ndizi na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa sababu nimetoka mbali. Nikala, Maman. Nilimaliza sahani yote huku naangalia picha kwenye kamera, nachagua chozi lipi limekaa vizuri. Nikiikumbuka ile sahani naona kinyaa hata kwa vidole vyangu.

Jumatatu iliyofuata alikuja hapa Gihundwe. Jirani yake alikuwa amemwonyesha ile picha kwenye simu. Nilidhani amekuja kunilaani. Alikaa kwenye kitanda changu, akasema, "Mutoni, ile ya kulia usinipe. Nipe ile ya kwanza, wakati nilisadiki. Sikujua kama ningali na ule uso."

Nilikuwa nimeifuta. Niliifuta siku ile ile, njiani kurudi, kwa sababu neno langu lilikuwa kusubiri na uso wa furaha haukunifaa. Nilimwambia hivyo, safari hii sikudanganya. Alinyanyuka, akanishukuru, akaondoka kwa miguu. Pikipiki niliyomwitia aliikataa.

Siku hiyo hiyo niliishusha picha ukutani. Bwana Munyemana alikasirika, akasema naharibu kazi yangu mwenyewe. Na aseme. Nimerudi Nkanka mara mbili kuomba radhi. Maman mdogo ananipokea, ananikalisha, ananiuliza habari zako. Jumapili iliyopita simu yake ililia tukiwa tumekaa. Aliitazama mpaka ikanyamaza, akaendelea kuchambua maharage. Ulikuwa wewe, Maman. Jioni uliponiuliza kwa nini mdogo wako hapokei simu, nilikwambia betri imekufa. Betri ni nzima. Haamini tena kwamba upande wa pili kuna muntu. Na Osée, kama yu hai, namba anayoijua ni hiyo moja tu.

Njoo, Maman, hata kwa siku mbili. Mimi siwezi kumrudishia nilichomchukulia, labda wewe atakusikia.

Msalimie kila mmoja hapo nyumbani kwa jina lake, na Mungu akushike mkono katika safari.

Ni mimi, binti yako,
Mutoni