Mambo ya Nyumbani kwa Mtu wa Nje

4 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na cherehani mpya imeuzoea mkono wako. Huku wazima, ila mimi. Usiposikia kwangu utasikia kwa wifi yako: nimeanza kwenda kwa mwanasaikolojia, kila Alhamisi nikitoka zamu ya alfajiri kwenye tanuri la mikate. Nilimpiga mtoto kwa ajili ya kikombe cha maziwa. Sasa akisikia funguo zangu mlangoni, anaingia chini ya meza. Mke wangu amesema likirudiwa, anaondoka naye.

Siku ya kwanza haikuwa na cha kutisha. Viti viwili, saa ukutani. Mama huyo aliniuliza nalalaje, nimewahi kutaka kujidhuru, nataka kipi kibadilike. Tunayosema hayatoki humo, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Hakunipa dawa wala mawaidha. Alisema mwanzoni huenda nikajisikia vibaya zaidi, na tusipopatana niseme, atanielekeza kwa mwingine.

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti ni lile lile.

Barua yako nimeisoma nikiwa na sindano mdomoni, nikaitoa nisije nikaimeza. Mama alipofariki hukujua hata kufunga kamba za viatu. Nilikulea kwa mkono huu, na ulipokosea nilikunyoosha kwa huu huu. Leo unakwenda kumwaga ya nyumbani kwa mtu wa nje, tena anayekutazamia saa. Ulipigwa, ukafa? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwambie hivyo, asidhani umeota kama uyoga.

Acha kwenda.

Dada yako

2 Juni

Mdogo wangu,

Za afya nimeziweka kando, maana umeninyamazia. Nimekwenda kwa huyo mtu wako. Shuleni kila mwalimu aliponiita nilifika, nikasema upande wetu. Sikuona kwa nini huyu asiusikie. Wifi alinitajia mahali. Nikavaa gauni langu la kwendea harusini, nikabeba picha yako ya kuhitimu. Nikamwambia mimi ndiye dada na mimi ndiye mama, aulize chochote.

Akanipa kiti ukumbini, akaniletea maji. Kisha akasema: "Mama, siwezi kukwambia kama mtu huyo anakuja hapa au haji."

Nikamwekea picha mbele ya macho. Hakuitazama. Nikamuuliza kama ana masikio. Akasema anayo, akarudia lile lile. Sijapata kudharauliwa hivyo na mtu mwenye adabu nzuri vile. Afadhali jiwe.

Ukiendelea kwenda, usinihesabu.

Dada yako

9 Juni

Dada,

Shikamoo. Asante kwa kwenda. Sikutanii.

Alhamisi zote hizo nilikuwa nikimweleza habari za unga na ubaya wa msimamizi. Aliponiuliza mimi nilipigwa na nani, nilisema sikumbuki. Katika ukoo wetu mtu hasemi neno asubuhi lisikufikie jioni, nami niliamini hata la chumba kile litakufikia. Umelifuata mwenyewe, umevaa gauni la harusini, na hukulipata.

Alhamisi hii nikamweleza. Nilimwambia ya waya wa pasi, na jinsi nilivyokuwa nikizitambua hatua zako ngazini kabla hujafika. Nilitoka kichwa kinaniuma, nikalala mchana kutwa. Mtoto bado anaingia chini ya meza.

Jumapili usije kututembelea. Ukija, usimguse.

Mdogo wako

16 Juni

Sina salamu. Nijibu hili tu. Ulipomwambia ya waya, alisema mimi ni mtu gani?

Dada yako

20 Juni

Dada,

Shikamoo.

Hakusema. Aliniuliza mimi wewe ni mtu gani. Nikatazama sakafu, naye hakunisaidia hata neno, mpaka muda wetu ukaisha.

Bado sijamjibu.

Mdogo wako